Faili ni Zima, Lakini Aliyelituma ni Nani?

Mazungumzo ya leo nayaelekeza hasa kwa wasikilizaji wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo, miji mitatu ya Marekani ambamo Kiswahili sasa husikika kwenye vituo vya basi, kwenye ofisi za shule na kwenye maghala ya mizigo. Wengi wenu mlifika huko kutoka Kongo ya mashariki, Burundi na Somalia, baadhi baada ya miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Dadaab au Nakivale. Nataka tulitazame jambo linalofanyika kimyakimya majumbani, wazazi wakiwa zamuni au watoto wakiwa wamelala: kupakua programu, michezo na filamu kutoka kwenye mitandao ambayo watu hugawana mafaili wao kwa wao, ile ya torenti na jamaa zake. Hoja yangu ni moja. Mitandao hiyo inaweza kukuhakikishia kwamba faili limekufikia zima kama lilivyotumwa, lakini haiwezi kukuhakikishia kwamba aliyelituma ni mtu mwema. Kwa hiyo programu ambayo mtumaji wake hajulikani haistahili kuingia kwenye kompyuta ambamo familia imeweka maisha yake yote.

Nasema maisha yake yote kwa makusudi. Katika nyumba nyingi za wageni nchini Marekani kuna laptopu moja, na hiyo moja hufanya kila kazi. Mtoto hufanyia kazi za shule. Baba hujazia fomu za kodi mwezi wa Februari. Mama huhifadhi humo picha za kadi ya ukaazi, fomu ya I-94 ya kuingia nchini, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua za kliniki na mkataba wa nyumba. Humo humo hufunguliwa akaunti ya benki, akaunti ya idara ya uhamiaji, na ukurasa wa kutuma pesa Bukavu, Kigoma au Mombasa. Mtu aliyepoteza karatasi zake vitani, akahangaika miaka kupata nyingine, anajua thamani ya karatasi kuliko mtu yeyote. Sasa karatasi hizo zimehamia kwenye mashine, na mashine hiyo hiyo ndiyo ambayo kijana wa nyumba anaipakulia mchezo wa bure usiku wa manane.

Tuanze na jinsi mitandao hii inavyofanya kazi, kwa kuwa hatari yake imo katika umbile lake. Napster ilipoanza mwaka 1999 iliwazoesha mamilioni ya watu kupeana nyimbo moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta. Mwaka 2001 mahakama ikailazimisha kufunga huduma, lakini wazo lilikuwa limekwisha kuenea. Mwaka huo huo Bram Cohen, mtaalamu aliyewahi kusoma chuo kikuu hapo Buffalo kabla ya kuacha masomo, alitoa utaratibu unaoitwa BitTorrent. Faili kubwa hukatwa vipande vidogo. Kila anayepakua hupokea vipande kutoka kwa wenzake, na papo hapo huwapa wengine vile alivyokwisha kupata. Kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo mwendo unavyozidi, na hakuna anayehitaji kumiliki kompyuta kubwa ya gharama katikati. Ni ubunifu mzuri, na sina ugomvi nao.

Katika ubunifu huo kila kipande kina alama yake ya kihesabu. Kipande kikifika, kompyuta yako huipima alama hiyo. Isipolingana, kipande hutupwa na kuombwa kingine. Ndiyo maana filamu iliyokusanywa kutoka kwa watu 200 wasiojuana hufunguka bila kasoro. Lakini angalia kinachopimwa. Alama hiyo hulinganisha faili lako na faili la mtu wa kwanza aliyeliweka mtandaoni, basi. Lakiri kwenye gunia huthibitisha kwamba gunia halikufunguliwa njiani. Haithibitishi kwamba aliyelishona alitia mchele. Mtu wa kwanza akiwa ametia virusi ndani ya faili lake, mtandao utafanya kazi yake kwa uaminifu kamili: utakuletea virusi hivyo vikiwa vizima, bila kupungua hata chembe, na kisha utakufanya wewe pia uvisambaze kwa wenzako.

Ushahidi wa jambo hili ni wa muda mrefu. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, jimbo linalotenganishwa na Louisville na Mto Ohio tu, walichapisha uchunguzi wa mitandao ya kugawana mafaili. Katika LimeWire, uliokuwa maarufu sana wakati huo, waliyatazama majibu ya utafutaji yaliyoleta programu au mafaili yaliyobanwa, na asilimia 68 ya majibu hayo yalikuwa na programu hasidi. Katika mtandao mwingine waliouchunguza, OpenFT, kiwango kilikuwa asilimia 3. Tena, aina tatu tu za virusi ndizo zilizobeba asilimia 99 ya maambukizi yote waliyoyakuta LimeWire. Takwimu hizo zinafundisha mambo mawili. Kwanza, hatari si sawa kila mahali, na mwenye kusema kwamba kila kinachopakuliwa ni sumu anatia chumvi. Pili, haihitaji watu wengi wabaya kuuchafua mtandao. Wachache wanatosha, ikiwa mtandao wenyewe hauna njia ya kumtambua mwema na mbaya. Baadhi ya virusi vya enzi hiyo vilibuniwa kulijibu ombi lolote: ulichokitafuta, chochote kile, jina lake lilibandikwa juu ya kirusi kile kile.

Mtu atasema: hiyo ni habari ya mwaka 2006, na LimeWire yenyewe ilifungwa kwa amri ya mahakama mwaka 2010. Ni kweli. Lakini mbinu haikuzikwa pamoja na LimeWire. Kuanzia mwaka 2018 ilienea programu ya kuteka nyara mafaili iitwayo STOP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Djvu. Hii haikulenga mabenki. Ililenga watu wa kawaida majumbani, na mlango wake mkuu ulikuwa programu zilizovunjwa kufuli, yaani zile za kulipia ambazo mtu amezichezea ili zifanye kazi bila malipo. Ukiifungua, picha na nyaraka zako zote zinasimbwa zisisomeke, kisha unaachiwa barua ya kudai dola 980, au dola 490 ukilipa ndani ya saa 72. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa kifaa cha bure cha kufungulia aina 148 za kirusi hicho, lakini wengi walioambukizwa na aina zilizofuata hawakupata msaada. Fikiria picha za mazishi ya mzazi aliyezikwa Uvira, ambazo hazina nakala nyingine duniani, zikifungiwa kwa sababu mtu alitaka kukwepa kununua programu ya kuandikia.

Hata programu ya kupakulia yenyewe imewahi kutiwa sumu. Machi 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti rasmi ya Transmission, programu ya torenti inayotumiwa na wenye kompyuta za Mac, wakaweka toleo lenye kirusi kiitwacho KeRanger. Waliolipakua walikuwa kama 6,500. Kirusi kilikaa kimya siku tatu kabla ya kusimba mafaili na kudai bitcoin moja, iliyokuwa na thamani ya dola 400 hivi wakati huo. Na tarehe 31 Desemba 2024, dunia ikiwa katika sherehe za mwaka mpya, kampeni ambayo wachunguzi wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky waliipa jina StaryDobry iliamshwa. Michezo ya kompyuta iliyokuwa imewekwa kwenye tovuti za torenti miezi kadhaa kabla ilianza kutumia kompyuta za wachezaji kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero kwa faida ya watu wengine. Hapo mwenye kompyuta haibiwi fedha moja kwa moja. Huibiwa umeme na nguvu za mashine yake, na anachoona yeye ni laptopu iliyochoka kabla ya wakati wake.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Programu ya dola mia kadhaa haijifungui kufuli yenyewe. Mtu amekaa, amefanya kazi, amelipia muda wake, kisha amekuletea bila kukudai senti. Wapo wanaofanya hivyo kwa kujionyesha ustadi tu, lakini mtandao hauwezi kukutofautishia huyo na yule anayefanya biashara, na biashara ipo. Bidhaa yake ni taarifa zako. Kuna aina ya virusi ambavyo havidai fidia wala havivunji chochote; hukusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, vidakuzi vinavyokuweka ndani ya akaunti bila kuulizwa tena, na nyaraka, kisha huvituma kwa mwizi ndani ya dakika chache. Kimoja cha virusi hivyo, Lumma, kilivurugwa Mei 2025 na Microsoft pamoja na vyombo vya sheria. Katika miezi miwili tu, kati ya Machi 16 na Mei 16 mwaka huo, Microsoft ilikuwa imehesabu kompyuta zaidi ya 394,000 zenye maambukizi ya Lumma duniani. Si zote zilizoambukizwa kwa njia ya torenti. Barua pepe za ulaghai na matangazo ya uongo nayo yalichangia. Lakini programu zilizovunjwa kufuli zilikuwa mojawapo ya njia zake za kawaida, na ndiyo njia pekee ambayo mwathirika mwenyewe huenda kuitafuta.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni hili: nina programu ya kuzuia virusi, itanilinda. Inasaidia, na usiiondoe. Lakini soma maelekezo yanayokuja na programu iliyovunjwa kufuli. Karibu kila mara yanakwambia uizime kinga kabla ya kufungua faili, na sababu inayotolewa inasikika kama kweli, kwamba kinga huwa inakosea na kuiona kila programu ya namna hii kuwa kirusi. Sehemu ya ukweli imo humo, maana chombo cha kuvunjia kufuli kinafanana kwa tabia na kirusi. Na hapo ndipo mtego unapokaa. Onyo la kweli na onyo la makosa yanafanana, na mtumiaji amekwisha kufundishwa kuyapuuza yote mawili. Mbinu nyingine ni kulibana faili na kulifunga kwa neno la siri, kisha kukupa neno hilo pembeni, ili kinga isiweze kuchungulia ndani mpaka wewe mwenyewe umefungua. Kinga haiwezi kumlinda mtu aliyeombwa kuizima akakubali.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mimi sipakui programu, nataka filamu na nyimbo tu, na wimbo hauwezi kubeba kirusi. Kwa sehemu kubwa hili ni sahihi. Uchunguzi wa Indiana nilioutaja ulihusu programu na mafaili yaliyobanwa, na faili halisi la muziki au video haliji kuendesha amri kwenye kompyuta yako kirahisi. Shida ni kujua kwamba ulichokishika ni video kweli. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina la faili, zile zinazoonyesha aina yake, kwa hiyo programu inaweza kuvaa jina la filamu na picha ya filamu, nawe usitambue. Desemba 2025 kampuni ya Bitdefender ilieleza juu ya torenti iliyodaiwa kuwa filamu ya Leonardo DiCaprio, One Battle After Another. Ndani yake mlikuwa na alama ya njia ya mkato iliyoonekana kama ndiyo ya kufungulia filamu. Ukiibofya, ilikwenda kuchota amri zilizofichwa ndani ya faili la maandishi yanayopita chini ya picha, na mwisho wake kompyuta ikaingiwa na Agent Tesla, programu ya kupeleleza ambayo imekuwapo tangu mwaka 2014. Mtu aliyeketi kutazama sinema na mkewe hakudhani kwamba alikuwa akifungua programu.

Mpaka hapa nimezungumzia kinachoingia. Kuna pia kinachotoka, maana katika mitandao hii kila anayepokea ni mtoaji. Baadhi ya programu za kugawana, hasa za kizazi cha LimeWire, zilifungua makabrasha mengi kuliko mwenye kompyuta alivyodhani. Mwaka 2007 kampuni ya dawa ya Pfizer ililazimika kuwaarifu wafanyakazi wake wa wakati huo na wa zamani wapatao 17,000 kwamba taarifa zao zilikuwa zimevuja, kwa sababu mwenzi wa mfanyakazi mmoja alikuwa ameweka programu ya kugawana mafaili kwenye laptopu ya kazi. Mwaka uliofuata mwanamume mmoja wa Seattle alihukumiwa kifungo cha miezi 51, baada ya kukiri kwamba alitumia LimeWire na Soulseek kutafuta fomu za kodi na ripoti za mikopo za watu wengine, kisha akafanya manunuzi kwa majina yao. Hakuvunja kompyuta ya mtu. Alitafuta tu, kama mtu anavyotafuta wimbo. Februari 2010 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliziandikia taasisi karibu 100 kuzijulisha kwamba taarifa za wateja au wafanyakazi wao zilikuwa zinaelea kwenye mitandao hiyo. Programu za leo za torenti kwa kawaida hutoa kile tu unachokigawa, na hilo ni jambo jema. Lakini kisa cha Pfizer kinabaki na funzo lake: aliyeweka programu na aliyepata hasara hawakuwa mtu mmoja.

Upande mwingine wa kutoa unahusu anwani ya nyumba yako mtandaoni. Katika mitandao ya kugawana, anwani hiyo huonekana kwa wote mnaogawana nao. Machi 2011, hapo Buffalo, maofisa wa shirikisho waliivamia nyumba ya mtu alfajiri, wakiwa na silaha, wakimtuhumu kwa kupakua picha haramu za watoto. Walichukua kompyuta na simu zake. Siku chache baadaye ikathibitika kwamba hakuhusika: hakuwa ameweka neno la siri kwenye Wi-Fi yake, na jirani ndiye aliyekuwa akiitumia kupakulia uchafu huo. Jirani akakamatwa. Haki ilitendeka, lakini baada ya mlango kuvunjwa. Sasa, mwaka ule ilihitajika jirani awe karibu. Leo programu hasidi inaweza kuigeuza kompyuta au kisanduku cha televisheni kuwa njia ambayo wahalifu walio mbali hupitishia mambo yao, yakaonekana yametoka sebuleni kwako. Juni 2025 FBI ilitoa onyo rasmi juu ya BADBOX 2.0, mtandao wa mamilioni ya vifaa vya majumbani vilivyoambukizwa, vikiwemo visanduku vya televisheni vinavyotangazwa kuwa hufungua vituo vyote bure. Vingine huambukizwa kiwandani, vingine wakati wa kupakua programu vinazodai ili vifanye kazi. Kwa familia yenye ombi la uraia au la kuunganishwa na ndugu mezani kwa serikali, hata tuhuma inayokuja kufutwa ni mzigo mkubwa.

Wako wanaokata tamaa na kusema: hata serikali na hospitali zenye wataalamu zinaingiliwa, mimi nitajikinga na nini? Chukua mfano wa Columbus. Julai 2024 kundi la wahalifu wa mtandaoni liitwalo Rhysida liliingia kwenye mifumo ya serikali ya jiji. Ofisi ya Meya Andrew Ginther ilieleza kwamba chanzo kilikuwa faili lililopakuliwa kutoka kwenye tovuti, wala si kiungo kilichokuja kwa barua pepe. Halikuwa torenti, na nisingependa kulichanganya; lakini kitendo ni kile kile, kufungua faili ambalo mtumaji wake hakujulikana. Kundi lile lilidai kuwa na terabaiti 6.5 za taarifa na kuzinadi kwa bitcoin 30. Meya alisema hadharani kwamba taarifa zilizoibwa zilikuwa zimesimbwa au zimeharibika, kisha ikadhihirika kwamba nyingine zilikuwa zinasomeka, zikiwemo za waathirika wa uhalifu. Watu wapatao 500,000 waliarifiwa kwamba huenda wameguswa. Au angalia Buffalo, ambako hospitali ya Erie County Medical Center ilishambuliwa Aprili 2017. Ilikataa kulipa fidia ya dola 30,000 hivi, na kurudisha mifumo yake pamoja na hasara nyingine kukagharimu karibu dola milioni 10. Mimi katika visa hivi sioni sababu ya kukata tamaa. Naona kwamba kuzuia ni nafuu mara nyingi kuliko kutibu, na kwamba mlango unaweza kuwa uamuzi mdogo wa mtu mmoja. Uamuzi mdogo ndio ulio mikononi mwako.

Wengine husema: sisi ni maskini, tuna nini cha kuibwa? Mei 2023 Norton Healthcare, mtandao mkubwa wa hospitali wa Louisville, uligundua kwamba umevamiwa, na baadaye ukatangaza kwamba watu wapatao milioni 2.5 walihusika, wakiwemo wagonjwa na wafanyakazi. Wahalifu hawakuchagua matajiri miongoni mwao. Namba ya Social Security ya mtu anayepakia mizigo usiku ina matumizi yale yale kwa mwizi kama ya daktari: hufungulia kadi ya mkopo, huombea marejesho ya kodi, hukodishia nyumba. Tena mgeni ambaye historia yake ya mikopo ndiyo kwanza inaanza huumia zaidi, kwa kuwa doa moja hukaa kwenye ukurasa mtupu. Na marejesho ya kodi, ambayo kwa familia nyingi zenye watoto ndiyo fedha kubwa kuliko zote za mwaka, yakiibwa huchukua miezi kurudi.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliheshimu kuliko yote: hatuna fedha za kununua programu hizo, na mtoto lazima aandike kazi ya shule. Jibu haliwezi kuwa mahubiri juu ya sheria za hakimiliki. Jibu ni kwamba vya bure na halali vipo, na ni vingi kuliko watu wanavyojua. LibreOffice huandika barua na kupiga hesabu bila malipo, nayo hupatikana kwenye tovuti ya wenyewe, hata kwa njia ya torenti wanayoitoa wenyewe. Hapo ndipo tofauti inapoonekana wazi: torenti iliyotolewa na mwenye programu kwenye tovuti yake ni salama zaidi kwa sababu mtumaji anajulikana na ana jina la kulinda. VLC hufungua karibu kila aina ya video. Windows ina kinga yake ya virusi isiyolipiwa. Maktaba za umma za Louisville, Columbus na Buffalo hutoa kadi bila malipo kwa wakazi, na kwa kadi hiyo utapata kompyuta, vitabu na filamu. Kwa kodi, mpango wa VITA unaosimamiwa na idara ya kodi ya shirikisho huwajazia fomu bure watu wa kipato cha chini. Haja ya programu iliyovunjwa kufuli ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Kwa aliyekwisha kupakua na sasa ana wasiwasi, hatua ni hizi. Usibadilishe maneno ya siri ukiwa kwenye kompyuta unayoishuku, maana utakuwa unampa mwizi mapya. Tumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama, anza na barua pepe, kisha benki, kisha akaunti ya uhamiaji, na toka kwenye akaunti zote zilizokuwa wazi. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Hamisha nyaraka na picha kwenye diski ya nje, kisha mfumo wa kompyuta uwekwe upya kabisa. Tangu Septemba 2018 sheria ya shirikisho inakuruhusu kufunga taarifa zako za mikopo bila malipo kwa Equifax, Experian na TransUnion, na mzazi anaweza kumfungia mtoto aliye chini ya miaka 16. Idara ya kodi humpa anayeomba namba ya siri ya tarakimu sita, inayomzuia mwizi kujaza fomu kwa jina lako. Na nyumbani, mtoto atengenezewe akaunti yake kwenye kompyuta isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Hatua hiyo ya dakika tano inazuia mengi ya niliyoyataja.

Namalizia kwa kuwageukia mafundi wetu, vijana wanaoitwa kila Jumamosi kutengeneza laptopu za majirani, za kanisa au za msikiti. Familia nyingi hazijawahi kufungua tovuti ya torenti. Programu zilizovunjwa kufuli zililetwa nyumbani kwao na fundi, kwenye flashi, kwa nia njema ya kusaidia. Mama aliyekupa kompyuta yake hajui ulichoweka, na hana njia ya kujua. Amekuamini wewe, nao mtandao haukukupa sababu yoyote ya kumwamini aliyekutumia faili lile. Basi usimpe mteja programu ambayo huwezi kumtajia imetoka kwa nani. Mwekee zile za bure zenye wenyewe, mweleze kwa lugha yake kwa nini umefanya hivyo, na umtoze kwa kazi yako. Fundi mmoja akishika msimamo huo hapo Louisville, au Columbus, au Buffalo, atakuwa amezilinda nyumba nyingi kuliko programu yoyote ya kuzuia virusi.